Kuitwa na Kuitika: Namna ya Kuongoza Masomo Manne ya Imani na Utii katika Jumuiya

Mama akimwita mtoto kutoka uani, mtoto akajibu "Abee!" kwa sauti nzuri kisha akabaki ameketi mbele ya televisheni, mama hasemi kwamba mtoto ameitika ila miguu imechelewa. Anasema, "Mtoto huyu hasikii." Masikio ni mazima, neno limemfikia, na jibu ametoa. Lakini kwa Kiswahili, kusikia kusikomwinua mtu kwenye kiti si kusikia.

Somo la imani na utii limo humo. Kiebrania cha Agano la Kale hutumia neno moja, shama, kwa kusikia na kwa kutii. Ndilo alilotumia Samweli alipomwambia Sauli kwamba "kutii ni bora kuliko dhabihu" (1 Samweli 15:22). Kigiriki cha Agano Jipya huita utii hypakoe, neno lililotoka katika akouo, yaani sikia. Paulo anataja utii wa imani mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi (1:5) na anaurudia mwishoni (16:26). Na Waebrania 11:8, katika Biblia ya Union Version, inasema Ibrahimu "alipoitwa aliitika". Anayeitika hawezi kutangulia kuitwa. Wala aliyeitwa akakaa kimya hawezi kusema ameamini sauti iliyomwita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenyekiti, katibu au mwalimu wa jumuiya anayetaka kulifundisha jambo hili kwa wiki nne, iwe ni jumuiya ya Kikatoliki ya Tabata, ya Kilutheri ya Mbagala au kikundi cha nyumbani cha Kipentekoste cha Kimara, jijini Dar es Salaam. Mwisho wa wiki hizo kila mshiriki awe anajua kipi hutangulia na kipi hufuata, na awe ameitika jambo moja halisi lililomgharimu.

Kabla ya wiki ya kwanza

Idadi inayofaa ni watu 8 hadi 15. Wakizidi 15, nusu yao hawatafungua kinywa. Afadhali mgawanyike, wengine wakae sebuleni na wengine kwenye mkeka barazani, kila kundi na kiongozi wake. Chini ya 8 inawezekana, ila wanyamavu wataona wanaangaliwa.

Tenga dakika 60 na uzilinde. Dakika 10 za kwanza ni wimbo na sala, 5 za taarifa ya wiki, 20 za kusoma, 20 za mazungumzo, 5 za kuandika hatua. Anza kwa wakati hata kama mko watatu: aliyekwama kwenye foleni atakuwa amekosa wimbo, hatakuwa amekosa Neno. Matangazo, michango ya harusi na ya msiba viwekwe mwisho kabisa, baada ya sala ya kufunga. Vikitangulia vitakula nusu saa, na mtu aliyetoka kudaiwa mchango hasikii vizuri habari za neema.

Chagueni toleo moja la Biblia la kusoma kwa sauti. Wengi husoma kwenye simu, na matoleo yanapishana maneno, hivyo watu watano wakisoma matoleo matatu mtaishia kubishana kuhusu maneno. Toleo la pili liwepo kwa kulinganisha tu. Wazee wasiosoma maandishi madogo watolewe nakala yenye herufi kubwa, kurasa mbili kwa somo zinatosha.

Vifaa ni karatasi moja ya manila, maka peni mbili za rangi tofauti, rula, na daftari moja la bei ndogo lililokatwa vipande, kila ukurasa vipande vinne. Vipande hivyo ni vya kuandikia hatua.

Hatua ni tendo moja la utii ambalo mshiriki anajiwekea kwa wiki hiyo. Hapa ndipo masomo ya namna hii hufa au huishi, kwa hiyo ulisimamie jambo hili kwa ukali. "Nitakuwa mvumilivu zaidi" si hatua, maana Jumapili ijayo hakuna atakayejua kama imefanyika, hata mwenyewe. "Jumatatu kabla ya saa 2 usiku nitampigia shemeji na kumwomba radhi kwa maneno niliyomwambia msibani" ni hatua. Iwe na mtu au kitu kinachotajika, iwe na siku, iwe ndani ya uwezo wa mwandishi, na isimwingize kwenye deni. Kama haigharimu chochote, si pesa, si muda, si aibu, basi pengine mtu ameandika jambo ambalo angelifanya hata hivyo.

Kipande hicho hakisomwi na mtu mwingine. Jumuiya ni ya mtaa mmoja, wengine wanachangia choo na bomba, na neno likitoka ndani halirudi. Wakati wa taarifa kila mtu atasema neno moja kati ya haya: "Nimefanya", "Nimeanza", au "Bado". Asiulizwe zaidi. Kiongozi atangulie kutoa yake, hasa akiwa na "Bado".

Somo la kwanza: wokovu kabla ya amri

Kabla ya kufungua Biblia uliza: "Amri Kumi zinaanzaje?" Karibu wote watajibu, "Usiwe na miungu mingine." Ndipo someni Kutoka 20:1-3 taratibu. Maneno ya kwanza ni "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kisha warudishe nyuma: Pasaka iko sura ya 12, kuvuka bahari sura ya 14, na kufika Sinai ni sura ya 19, mwezi wa tatu baada ya kutoka. Watu hawa hawakutolewa utumwani kwa sababu walishika amri, maana hawakuwa nazo bado. Walipewa amri kwa sababu wamekwisha kutolewa.

Malizieni na Waefeso 2:8-10, na hakikisha mstari wa 9 na wa 10 vinasomwa na mtu mmoja kwa pumzi moja. "Wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," na mara hiyohiyo, "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Wapo wanaozoea kuishia mstari wa 9, na wapo wanaoanzia wa 10. Kila upande unabeba nusu ya sentensi.

Hatua ya wiki hii iwe ndogo, ya shukrani: kumshukuru kwa jina mtu mmoja aliyekufanyia jema ambalo hukulilipia.

Somo la pili: miaka ya Ibrahimu

Hili ndilo somo gumu, kwa sababu ndipo Paulo na Yakobo huonekana kugongana. Warumi 3:28 yasema mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 yasema huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Wote wawili wanamshika Ibrahimu kama shahidi, na wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Usilifiche gongano hili. Mshiriki akilikuta mwenyewe mbele ya safari, atadhani alifichwa.

Tandika manila sakafuni na uchore mstari wa sentimita 50. Mwanzo wa mstari andika 75, mwisho andika 100. Kila sentimita 2 ni mwaka mmoja wa maisha ya Ibrahimu. Acha nafasi ya sentimita 20 hivi kulia kwa yatakayofuata. Halafu wagawie washiriki mistari waitafute na kuitia alama wenyewe. Miaka 75: anatoka Harani (Mwanzo 12:4). Miaka 86: anazaliwa Ishmaeli (16:16). Miaka 99: anatahiriwa (17:24). Miaka 100: anazaliwa Isaka (21:5). Mwanzo 15:6 haina umri, lakini iko kabla ya 86, kwa hiyo ichorwe kushoto mwa alama hiyo kwa rangi ya pili. Mwanzo 22, mlima wa Moria, inakwenda kule kulia kwenye nafasi iliyoachwa, kwa kuwa Isaka sasa ni kijana anayeweza kubeba kuni (22:6).

Waache waiangalie karatasi kimya kwa dakika moja kabla hujasema lolote.

Hoja ya Paulo katika Warumi 4:10-11 inaonekana kwa macho. Ibrahimu alihesabiwa haki kabla ya tohara, na kati ya 86 na 99 pekee kuna miaka 13, sentimita 26 za karatasi tupu. Hakuna anayeweza kusema tohara ndiyo iliyomnunulia kibali. Hoja ya Yakobo nayo inaonekana: anaposema imani ilitimilika kwa matendo (2:21-23), anaonyesha Moria, upande wa pili wa karatasi, miaka mingi baadaye. Paulo anauliza mtu anaingiaje mlangoni. Yakobo anamuuliza aliye ndani, ambaye tayari anajiita mwamini, imani yake iko wapi.

Kisha pitia maneno matatu ambayo waandishi hawa wanayatumia kwa uzito tofauti. "Imani" ambayo Yakobo anaikemea ni ya kukubali kwa kichwa tu. Mashetani nao wanaamini hivyo na kutetemeka (2:19). Imani ya Paulo ni kumtegemea mtu, na yeye mwenyewe anaieleza kuwa "imani itendayo kazi kwa upendo" (Wagalatia 5:6). "Matendo" ya Paulo katika hoja hii ni matendo ya sheria, tohara ikiwa mbele, yanayoletwa kama hati ya kudai. Matendo ya Yakobo ni kumlisha ndugu mwenye njaa na kumpa nguo asiye nayo. Na "kuhesabiwa haki" kwa Paulo ni kupokelewa na Mungu mkosaji akiwa bado mkosaji, ilhali kwa Yakobo ni imani kudhihirika kuwa ya kweli.

Mfano wa Yakobo 2:15-16 uutafsiri kwa mtaa wenu. "Mkaote moto" ni maneno ya nchi ya baridi, Dar es Salaam hakuna anayetamani moto. Sema badala yake: jirani wa bonde la Msimbazi ameingiliwa na maji usiku, godoro limelowa, unga umeharibika, jumuiya inafika, inaimba pambio, inamwombea, inamwambia "Bwana atatenda", kisha inarudi makwao na magodoro yao makavu.

Kuna swali ambalo mshiriki makini ataliuliza, nawe uwe na jibu: "Mbona Ibrahimu alitii Mwanzo 12, akatoka kwao, kabla ya kuhesabiwa haki Mwanzo 15? Si utii ulitangulia?" Mrudishe kwenye sura ya 12 yenyewe. Mistari ya 1 hadi 3 ni Mungu anaita na kuahidi. Mstari wa 4 ndio Ibrahimu anaondoka. Waebrania 11:8 inasema hata kuondoka huko kulikuwa kwa imani. Alitembea kwa sababu aliamini aliyemwahidi, na hatua ya kwanza ya mguu ndiyo iliyoionyesha imani hiyo.

Usiache kutaja pia yaliyomo kati ya alama. Ibrahimu alisema uongo kuhusu mkewe Misri (sura ya 12), akajitafutia mtoto kwa Hajiri (16), akarudia uongo uleule Gerari (20). Mambo mawili kati ya haya yako kulia mwa Mwanzo 15:6. Kwa mtu anayejiona ameshindwa mno asiweze kuanza tena, karatasi hii huwa faraja kuliko mahubiri mengi. Itundike ukutani wiki zote zilizobaki.

Nyumba nyingi za jiji hili ni za mchanganyiko, mke Mkatoliki na mume Mlutheri, na somo hili linaweza kuamsha ubishi wa zamani. Hapa historia fupi husaidia. Ungamo la Augsburg la Walutheri la mwaka 1530 lina kifungu cha 6 kinachohusu utii mpya: imani haina budi kuzaa matunda mema, ila matunda hayo hayanunui msamaha. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hakuna lolote linalotangulia kuhesabiwa haki, si imani wala matendo, linaloistahili neema hiyo. Karne nne na nusu baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, palepale Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani, si kwa stahili yetu, na kwamba neema hiyo hutuwezesha na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Tofauti hazikuisha zote. Lakini ubishi wa sebuleni kwamba "ninyi mnaokolewa kwa matendo" na "ninyi mnasema dhambi si kitu" hauna mwenyewe tena.

Somo la tatu: Zakayo na deni lililolala

Someni Luka 19:1-10, kisha uliza swali moja tu: "Yesu alisema atashinda nyumbani kwa Zakayo mstari wa ngapi, na Zakayo aliahidi kurudisha mali mstari wa ngapi?" Wa 5, na wa 8. Yesu alimwita mtozaushuru huyu kwa jina lake, naye akiwa bado na pesa za watu mfukoni. Mwito ulitangulia, na ulipopokelewa kwa furaha, pochi ikafunguka bila kuombwa.

Sasa angalieni hesabu, maana Zakayo alikuwa mtu wa hesabu. Aliyeungama mwenyewe, torati ilimtaka arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7). Mwizi aliyekamatwa na kondoo hai mkononi alilipa mara mbili. Aliyekwisha kumchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne kwa mmoja (Kutoka 22:1-4). Zakayo hakukamatwa na mtu. Alijihukumu kama mwizi huyo wa mwisho, akaahidi kurudisha mara nne, na juu yake akatoa nusu ya mali kwa maskini. Mkristo hafungwi na viwango hivyo kama sheria ya nchi. Hata hivyo sehemu ya tano inafaa kama kipimo cha chini, kwa kuwa pesa ya mtu iliyokaa kwako imemkosesha mengi.

Hatua ya wiki hii ni kurudisha. Kila mtu akumbuke deni moja lililolala: mshahara wa dada wa kazi aliyeondoka bila kulipwa, mizani iliyopunja, "advansi" ya fundi ambaye hakurudi kumaliza kazi, chenji ya abiria, fedha za kikoba, kitabu cha watu, shamba la ndugu lililouzwa kimyakimya. Kisha wafuate utaratibu huu.

Kwanza, andika tarakimu. Anayesema "nilimdhulumu kidogo" bado hajatubu hesabu. Dada wa kazi aliyedai miezi 2 kwa shilingi 80,000 ana 160,000; sehemu ya tano ni 32,000; jumla 192,000. Mwenye duka aliyepunja gramu 50 kwa kila kilo, na mteja akanunua kilo 5 kila wiki kwa mwaka, amechukua gramu 250 mara 52, yaani kilo 13. Kama mchele ulikuwa shilingi 2,500 kwa kilo, hiyo ni 32,500. Ukiongeza 6,500 inakuwa 39,000. Watu hushangaa wakifika hapa. Waache washangae.

Pili, pesa iwe mkononi kabla ya maneno. Ukimtafuta mtu umwambie "nitakulipa", umemwongezea ahadi nyingine ya kusubiri. Kama kiasi ni kikubwa, ufike na sehemu ya kwanza na ratiba iliyoandikwa, kwa mfano 48,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 4.

Tatu, sema kwa ufupi na bila kujitetea. "Shikamoo mama. Mwaka juzi nilipokuwa nakuuzia mchele, nilikupunja kwenye mizani. Hii ni fedha yako pamoja na nyongeza. Naomba unisamehe." Basi. Usieleze maisha yalivyokuwa magumu, usitaje jumuiya, usihubiri. Kama aliyedhulumiwa ni mdogo kwako kwa umri au cheo, nenda mwenyewe; kumtuma mtoto kwa dada wa kazi ni kumdhulumu mara ya pili. Pesa waweza kuituma kwa simu kama yuko mkoani, ila radhi iombwe kwa sauti, si kwa ujumbe wa maandishi.

Nne, usidai kusamehewa papo hapo. Aliyeumia ana haki ya kunyamaza, hata ya kukutukana. Kazi yako ilikuwa kurudisha, na imekwisha. Kama mwenyewe amefariki, warithi wake wapo. Kama hapatikani kabisa, Hesabu 5:8 ilielekeza malipo yaende kwa Bwana. Leo itolewe kwa maskini pasipo jina, na isihesabiwe kuwa sadaka yako ya Jumapili.

Mipaka ipo, na kiongozi aiseme wazi kabla watu hawajatawanyika. Siri ya ndoa, fedha za mwajiri, au jambo lenye kosa la jinai lipelekwe kwanza kwa padre au mchungaji ana kwa ana, mtu apate ushauri wa namna ya kulibeba. Na aliyemdhuru mtoto au kumpiga mwenzake hasuluhishwi na kipande cha karatasi wala na kikao cha jumuiya. Mhanga asaidiwe kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kumwambia mhanga "samehe kwa imani" ili mambo yaishe ni kumtwisha yeye utii uliompasa mkosaji.

Somo la nne: sauti ya nani?

Utii unaofundishwa bila kufundisha kupima agizo huwa hatari, na jiji hili limejaa maagizo. Someni 1 Wafalme 13:11-25 yote. Mtu wa Mungu aliambiwa na Bwana asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee akamwambia malaika amempa neno jingine, naye akamwamini, akala, na simba akamwua njiani. Alikuwa mtii kweli. Shida ni kwamba alimtii mtu mwenye cheo dhidi ya neno alilokwisha kupewa.

Ndipo mpe kila mshiriki maswali ya kupimia. Agizo hili linapatana na lile lililokwisha andikwa? Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko, wakasifiwa (Matendo 17:11). Anayeagiza atafaidika nini nikitii? Ninaruhusiwa kwenda nyumbani, kulala, na kumwuliza mtu mwingine, au nimeambiwa nikichelewa baraka itapita? Na nikitii, nani mwingine ataumia?

Maagizo ya aina mbili yatajwe kwa jina. La kwanza ni kuacha dawa ili kuonyesha imani. Anayeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, virusi huongezeka tena na huweza kuwa sugu. Anayekatisha matibabu ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida ni miezi 6, anaweza kurudiwa na ugonjwa usiosikia dawa zilezile na kuwaambukiza wa nyumbani. Yesu aliambiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu, tena kwa mstari wa Zaburi, akakataa: "Usimjaribu Bwana Mungu wako" (Mathayo 4:7). Paulo, ambaye aliombea wagonjwa wakapona, alimwagiza Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Mtu aombewe, na dawa zake azimeze.

La pili ni fedha: "Panda mbegu, utii sauti ya mtumishi." Pima kwa 2 Wakorintho 8:12, kwamba utoaji hupokelewa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si asivyo navyo, na kwa Marko 7:11-13, ambapo Yesu anawakemea waliotoa kwa Mungu kile kilichowapasa wazazi wao. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto, marejesho ya kikoba na fedha za mwenzi wako si vyako kuvitoa. Palipo na agizo la kuvunja neno la Mungu, jibu la mitume linatosha: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29).

Hatua ya wiki ya nne kila mtu ajichagulie, ikiwamo kumaliza iliyobaki.

Yanayoharibika, na sababu zake

Likitokea kundi la "Nimefanya" wanaowaangalia wenzao wa "Bado" kwa jicho la juu, ujue somo la kwanza halikuingia. Usiwakemee kwa majina. Fungua Luka 17:7-10, mtumwa aliyemaliza kazi ya shamba akaandaa na chakula, kisha maneno ambayo Yesu anawaagiza wanafunzi wake waseme: "Sisi tu watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Isomwe, na mnyamaze kidogo.

Likitokea la pili, kwamba watu wanafurahia mafundisho lakini vikaratasi havitekelezwi, mara nyingi hatua ni kubwa mno. Ipunguzeni. Petro aliambiwa ashushe nyavu tu baada ya usiku mtupu (Luka 5:5). Wavuvi wa Feri wanajua ilivyo kazi kuteremsha tena nyavu zilizokwisha kuoshwa, lakini ni kazi moja, ya asubuhi moja. Anayesubiri imani yake iwe kubwa ndipo atii, mpe sala ya yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na hatua ya kufanya kabla jua halijazama.

Mfano wa wana wawili wa Mathayo 21:28-31 utautumia sana katika mazungumzo haya. Jihadhari: nakala za kale zinapishana kuhusu nani alitajwa kwanza, kwa hiyo katika toleo moja aliyekataa ni wa kwanza na katika jingine ni wa pili. Usiulize "wa kwanza au wa pili?" Uliza, "Aliyekwenda shambani, au aliyesema naenda?"

Wiki ya tano msianze somo jipya. Kutaneni kwa dakika 30, mtoe taarifa ya mwisho, na kila mtu abaki na vikaratasi vyake. Visikusanywe na katibu wala visihifadhiwe kwenye faili la jumuiya. Vilivyotimia vichanwe. Mwenye ratiba ya kulipa kwa miezi akibandike chake ndani ya jalada la Biblia, na kiongozi amuulize kwa faragha kila mwisho wa mwezi mpaka senti ya mwisho itakapomfikia mwenyewe.